Kwa Josué, Anayekwenda Kule Dawa Iliko

Josué mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga watu wa kanisa, na nyumba imenyamaza kama imeanza kuzoea kukukosa. Jua bado liko juu. Kesho asubuhi utapanda ndege ya Entebbe, na kabla ya giza utakuwa Kampala kwa shangazi yako. Mama wengine siku kama hii wanaandika: kula vizuri, omba Mungu, chunga marafiki. Hayo nayaacha. Naacha pia habari ya sindano, ya sukari ikishuka ghafla, ya kidonda cha mguu. Mimi niliyasoma, weye unayaishi.

Juzi mezani uliniuliza neno, nami nikasimama nikajifanya kutoa sahani. Ulisema: "Mama, ile kazi yako yote, ilisaidia nani?" Hukuuliza kwa ubaya. Ulikuwa unamenya yai, hata macho hukuinua. Tangu hapo nalizunguka swali lako kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Leo nakuandikia mahali nilipofika. Si pazuri, nakuambia mapema.

Nianze na mdogo wangu Vumilia. Unajua nilikuwa naye, unajua alikufa mdogo, lakini hujui alivyokufa, maana kwetu Gety hatukupenda kulitaja jambo lile. Alikuwa bado hajaanza masomo. Mama yangu alikuwa akienda naye shambani, anamlaza kwenye kivuli, na akirudi kumtazama anakuta maji ya kibuyu yameisha. Mtoto akawa anakunywa hata maji ya kunawia. Akakonda mpaka nguo yake ikawa inamdondoka mabegani. Mwishoni alilala tu, akipumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, na pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Harufu ile ndiyo iliyomponza jirani yetu, mama mmoja mjane. Watu walikumbuka kwamba alikuwa akimpa Vumilia ndizi. Wakasema sumu imejionyesha yenyewe kwenye pumzi. Tulipomaliza kumzika Vumilia, vijana walikwenda kwa yule mama, wakachoma nyumba yake, wakamfukuza. Nilimwona akipita na sufuria moja kichwani, na hakuna mtu aliyemwambia kwaheri. Hatukusikia tena habari zake.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Kisangani, mwanafunzi wa udaktari, nimekaa darasani. Mwalimu akaeleza ugonjwa wa sukari wa watoto: kiu, kukonda, kupumua kwa nguvu, na pumzi yenye harufu ya matunda. Akaendelea na mengine. Mimi nikatoka nje, nikashika ukuta, nikalia. Sikumlilia Vumilia. Nilimlilia yule mjane na sufuria yake.

Ndipo nikataka kumjua mwuaji wa kweli. Ujana ndivyo ulivyo. Nilidhani ukimjua mwuaji, mauaji yatakoma.

Nilimfuata mpaka Ulaya. Baba yako aliacha kufundisha hesabu hapa Bunia, akaja kuosha magari ya watu kule ili nisome, na hajanisimanga hata siku moja. Nikamwona mwuaji kwa macho yangu, chini ya darubini. Ni mdogo, mviringo, hana cha kutisha. Ni chembe ya damu yetu wenyewe, katika zile zenye kazi ya kulinda mwili. Zinazaliwa ndani ya mifupa, kisha zinapitia kifuani, nyuma ya ule mfupa tunaoupiga tukitubu kanisani, na pale zinafundishwa: hiki ni chetu, hiki si chetu. Isiyoelewa inauawa palepale. Lakini zipo zinazoponyoka. Zinatembea miaka, kimya, halafu siku moja zinaingia kwenye kongosho na kuanza kuua chembe zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari inajaa damuni isipate njia ya kuingia mwilini, na mtu anakufa njaa huku ameshiba.

Nikieleza hivi hapa kwetu watu wananikatiza: "Aa, ni kama maaskari wetu!" Nimeukataa mfano ule kila mara. Anayeua kwa bunduki anajua kwamba anaua, na jioni anakula. Chembe haina chuki wala tamaa. Imekosea kutambua, basi, na haichoki kukosea. Ndiyo maana huwezi kuiombea iongoke.

Mimi nilisoma zile za upande wa pili, zinazotuliza. Maana zipo, chembe chache ambazo kazi yao ni kuwaambia wenzao: inatosha, acheni. Kila mtu anazo, hata weye, ila kwa wagonjwa sauti yao haisikiki. Tulifikiri kuzitoa kwenye damu, kuzizidisha ndani ya labo, na kuzirudisha zikiwa nyingi. Asubuhi moja nilipima sukari ya panya aliyekuwa anakaribia kufa, nikaona imeshuka. Nikapima tena, nikidhani mashine imeharibika. Nikamwita Profesa, mzee mkali ambaye sijawahi kumwona akicheka. Akasema, "Pima mwingine." Nikapima mwingine, na mwingine. Kwa wote ilikuwa imeshuka. Josué, niliimba wimbo wa harusi wa kwetu mbele ya wazungu wale, nikacheza na koti langu jeupe mpaka Profesa akapiga makofi. Ile ndiyo siku nzuri kuliko zote za kazi yangu. Nakuandikia ujue kwamba ilikuwepo.

Kisha tukawapa watu. Katika wale wa kwanza alikuwepo kijana mmoja mwoka mikate. Miezi ya mwanzo alipunguza sindano, akawa ananiletea mikate ya moto, na mama yake aliniandikia kadi ya shukrani. Siku moja akanipigia simu.

"Dokta, sukari imerudi."

Nikamwambia aje tupime tena.

"Usinipime tena," akasema. "Najua."

Walirudi wote kwenye sindano kama zamani, mmoja baada ya mwingine. Katika makala yetu tuliandika kwamba njia ile haina hatari kwa mgonjwa. Ilikuwa kweli. Haikuwa na hatari wala faida.

Wakati ule weye ulikuwa umeanza kusema maneno mafupi mafupi. Siku moja nilikupeleka labo, nikakutoa damu, maana mtu ambaye ndugu yake alikufa na ugonjwa ule ana haki ya kuogopa. Nikakuta alama mbili ambazo ni kama moshi kabla ya moto. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nikarudi nyumbani, nikamweleza baba yako. Alikuwa anakuvalisha soksi.

Akauliza, "Unaweza kuizuia?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unatafuta kujua kwa faida gani?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kisayansi, na nikampa yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akakuvalisha soksi ya pili. Swali lake lingali limesimama palepale.

Tena nikafanya lingine. Nikiwa najua hivyo, nilikurudisha Bunia. Nilikuwa nimepata watu wa kusaidia kufungua labo ndogo karibu na hospitali, nisome chembe za watoto wa mkoa wetu wa Ituri. Nilijiambia: Ulaya kuna wengi wanaotazama chembe za watoto wao, za watoto wa Gety na Aveba nani anazitazama? Nilijiambia pia kwamba mji umetulia, barabara imefunguka, frigo za dawa zitakuja, insulini haitakosekana. Nilipima hatari kwa makini, kama nilivyofundishwa, na nikapima vibaya. Watu wengi wanakosea kwa kutojua. Mimi nilikosea nikiwa nimejua.

Miaka ile ya kungoja hukuiona, ulikuwa ukicheza mpira. Mimi nilikuwa nikisikiliza kila ukienda chooni. Ukiomba maji mara ya pili, nilikuwa nahesabu saa tangu ulipokunywa mara ya kwanza. Nilipokubusu shavuni nilikuwa navuta pumzi, nikitafuta ndizi. Siku ilipofika tulikuwa kanisani, padri akihubiri, ukanivuta kitenge: "Mama, niko na kiu." Ulikuwa umekunywa tukitoka nyumbani. Ukarudia: "Mama, niko na kiu sana." Nikainuka na weye, na baba yako akatuona tunatoka, akainamisha kichwa. Hakuhitaji kuambiwa.

Ulipokuwa mkubwa kidogo ulijua habari ya ile damu, ukanipigia kelele uani mpaka majirani wakatoka. "Nilikuwa mutoto yako ao panya yako?" Nilikujibu kwa hasira kwamba bila kuangalia kwangu ungekufa kama Vumilia. Ni kweli, tuliukamata ugonjwa mapema, hukulala hata siku moja kwenye kitanda cha mahututi. Lakini hukuwa umeuliza hilo. Ulichouliza ni kama kulikuwa na siku nilikutazama na kukuona weye tu. Zilikuwepo, mwanangu. Zilikuwa chache, na sikuzitafuta.

Sasa Esperansi.

Siye wawili hatujamtaja tangu matanga yake, na sitaki upande ndege nikiwa bado namzunguka. Alikuja labo na mama yake, wametoka Aveba kwa miguu siku walipokimbia mapigano, wakiishi katika kambi ya wakimbizi hapa pembeni ya mji. Baba yake walimwacha nyuma na hawakujua kama yuko hai. Unakumbuka alivyokuita Yaya, kama kaka yake mkubwa, na jinsi mlivyokuwa mnajidunga pamoja kwenye barza yetu, kila mmoja akimwangalia mwenzake asikunje uso. Nilipomtoa damu hakulia. Alitaka kujua kama itaota tena.

Damu yake ilinifurahisha, na neno hilo linanitia haya leo. Haikuwa na zile alama nilizozizoea. Ugonjwa ulikuwa uleule, kiu ileile, lakini mwuaji alikuwa ameingia kwa mlango mwingine, mlango ambao vitabu vya Ulaya havijauandika vizuri. Na hakuwa peke yake. Wengine wa huku pia walikuwa hivyo. Niligandisha chembe zao ndani ya frigo kubwa ya labo, nikajiambia kwamba hapa ndipo kazi yangu itapata maana yake. Nilikuwa natembea njiani nikitabasamu.

Kisha mapigano yakafunga barabara ya Komanda. Malori yalikwama, na insulini iliyokuwa inapitia kule ikakosekana mjini. Tuligawa ile ya hospitali mpaka ikaisha. Zikabaki chupa zako, katika frigo yetu ya nyumbani. Mama Esperansi akaja, na kabla sijafungua mdomo weye ukasema, "Mama, umupatie." Nikampatia. Akarudi, nikampatia tena. Nilikuwa nakupunguzia weye na kumpunguzia yeye, na wote wawili mlikuwa mnafifia mbele yangu.

Mara ya mwisho alikuja amembeba mgongoni, ingawa alikuwa mtoto mkubwa wa kutembea.

"Mama Dokta, leo namna gani?"

"Imebakia moja," nikamwambia. "Ile yenye imebakia ni ya mutoto yangu."

Hakulia. Alitazama mlangoni ulikosimama, akakutazama vizuri, kama anayekukadiria uzito. Kisha akasema: "Hata miye ningefanya vile." Akafunga kitenge upya, akamsogeza mtoto juu mgongoni, akashuka njia ya kambi.

Ulinishika mkono. "Mama, umuite. Angali karibu, umuite!" Nikakuvuta ndani, nikafunga mlango, nikauegemea. Ulinisukuma kwa nguvu zako zote, na hazikuwa nyingi siku ile. Baba yako alikuja akakukumbatia kwa nyuma mpaka ukanyamaza.

Esperansi alizikwa kabla ndege ya dawa haijatua. Tulikwenda matanga. Sikujua kama tutafukuzwa. Mama yake alisogea mkekani, akakupa weye nafasi ya kukaa ubavuni pake, na mkakaa hivyo mpaka jioni.

Siku zilezile kuran, umeme wa mji, ilikuwa imekatika. Mazutu ya jenereta ilibaki kidogo, haikutosha frigo mbili, na joto lingeharibu ile chupa yako. Kwa hiyo nilibeba dumu la mazutu kutoka labo nikalileta nyumbani. Kwa siku chache baada ya maziko yake, chembe za Esperansi zilikuwa bado hai ndani ya barafu, na ni mimi niliyezizima. Zake na za wengine wote. Nilipofungua frigo ya labo maji yalinimwagikia miguuni. Nilitafuta kitambaa, nikapangusa sakafu, nikafunga mlango. Watu wa Ulaya waliniandikia kwa huruma, kisha wakaacha kuandika.

Kwa hiyo, ilisaidia nani? Nimewapitia wote, wa kule na wa huku. Mwoka mikate anajidunga sindano. Panya wale walikufa zamani. Weye unaishi kwa dawa ambayo watu wengine waliigundua kabla bibi yangu hajazaliwa, na hakuna hata tone lake lililotoka mkononi mwangu. Nimejifunza mwuaji anavyotembea, anavyonusa, anavyokosea, na nilipokutana naye uso kwa uso kwenye barza yangu, kilichohitajika kilikuwa barafu na barabara. Kujua na kuweza si ndugu. Wakati mwingine hata si majirani.

Sikuambii haya ili uyadharau masomo. Nakuambia ili siku utakapojua jambo kuliko watu wote waliomo chumbani, usidhani umelishika. Na mtu akikuuliza swali fupi kama la baba yako, usikimbilie kumpa jibu refu.

Baba yako aliogopa nitaumia uliposema unakwenda kusoma mambo ya umeme, si udaktari. Sikuumia. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani, nikaelewa kwamba ulikuwa umefikiri jambo hili muda mrefu, peke yako, na kwamba hukuwa umenihukumu kama nilivyostahili. Ulikuwa umeangalia tu mahali palipovunjika.

Umeniuliza pia kwa nini siendi nawe. Kuna mtoto wa kiume ameletwa kutoka Gety, amelazwa hospitalini tangu juzi. Nimempima mwenyewe. Kesho nikitoka uwanja wa ndege nitakwenda kukaa na mama yake, nimfundishe kudunga, na nimweleze kwamba kwa sasa dawa iko. Ataniuliza mpaka lini. Sitamdanganya. Hiyo ndiyo kazi iliyonibakia: kukaa karibu na mtu nikiwa sina la kumwahidi. Sijui kama ni kazi. Lakini nikiondoka, atakaa peke yake.

Kwa hiyo sina tumaini la kukufungia kwenye kitambaa uende nalo. Nimelitafuta kwa ajili yako na sikulipata, na ukinisikia kesho uwanjani nasema mambo yatakuwa sawa, ujue nasema kwa sababu watu wanatutazama.

Nina ombi moja, na ni gumu kwa mtu wa kwetu kulisikia. Usirudi huku kwa sababu yangu. Usirudi Noeli, usirudi nikiugua. Siku utakapopata simu kwamba nimekufa, ulizia kwanza kama barabara imefunguka na kama dawa iko. Wakisema hapana, baki ulipo. Watu watasema, maana mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Waache waseme. Baba yako nimekwisha kumwambia, na alikubali. Udongo wowote utanitosha. Weye jidunge sindano yako ya siku ile, kula chakula chako, nenda darasani.

Nawasikia mmerudi. Mko kwenye barza, baba yako anamwigiza yule shemasi anavyosali sala ndefu, na weye unacheka mpaka unakohoa. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu mvua zilizopita. Naacha hapa. Nataka kutoka nije nikutazame kabla hujanyamaza.

Mimi, mama yako.